Seva Izimikayo Baada ya Kutiwa Prosesa ya Pili

Swali hili limenifikia kwa njia nyingi na kwa maneno mengi, lakini maana yake ni moja: mtu alikuwa na seva yenye prosesa moja, ikifanya kazi yake kwa amani, akanunua prosesa ya pili ili aiongezee nguvu, akaitia mahali pake, na tangu siku ile seva haina utulivu, mara huzimika ghafla, mara hujiwasha upya bila kuamriwa, mara huganda usiku wa manane na asubuhi ikakutwa haijibu. Aulizaye hutaka jibu la neno moja, yaani aambiwe kama prosesa aliyouziwa ni mbovu au ni nzima. Jibu langu, ambalo aghalabu halimfurahishi, ni kwamba katika vitu vyote viwezavyo kuiangusha seva ya namna hiyo, prosesa yenyewe ndiyo ya mwisho kutuhumiwa.

Sababu yake ni hii. Katika seva za siku hizi kila prosesa huongoza ramu zake yenyewe, hupokea umeme kwa njia yake yenyewe, hupozwa na feni zake, na hushika nafasi zake za kadi. Kwa hiyo atiaye prosesa ya pili hakuongeza kipande kimoja, ameamsha nusu nzima ya mtambo ambayo yamkini haijapata kufanya kazi tangu ilipotoka kiwandani. Kasoro yo yote iliyokuwa imelala katika nusu ile, iwe pini iliyopinda, ramu dhaifu au feni isiyokuwapo, hudhihirika siku hiyo hiyo, nayo prosesa mpya hubebeshwa lawama kwa kuwa ndiyo mgeni.

Mifano yangu mingi nitaitoa katika mitambo miwili ijulikanayo sana na mafundi wa Afrika Mashariki wanunuao seva zilizokwisha kutumika, nayo ni PowerEdge R730 ya Dell na ProLiant DL380 Gen9 ya HP, yote miwili ya mwaka 2014, itumiayo prosesa za Xeon E5-2600 v3 na v4. Mwenye mtambo mwingine atabadilisha majina na hesabu, bali utaratibu utabaki ule ule.

Kwanza irudishe kazi mahali pake

Ikiwa seva yako inabeba mishahara ya watu, kumbukumbu za wagonjwa au hesabu za biashara, haramu kuifanyia majaribio ilhali watu wanaitegemea. Kila kuzimika kwa ghafla ni hatari kwa data iliyokuwa ikiandikwa saa ile, na seva inayozimika mara tatu kwa siku itafika siku ya kukataa kuwaka na hifadhidata yake imeharibika. Fanya hivi:

1. Chukua nakala ya akiba ya data yote, na uhakikishe kwamba nakala hiyo yafunguka kwenye kompyuta nyingine.
2. Zima seva kwa taratibu, kisha chomoa nyaya zote mbili za umeme, si mmoja.
3. Toa prosesa ya pili pamoja na ramu za upande wake. Rudisha kifuniko cha soketi na kile kipande cha plastiki kilichokuwa mahali pa hitisinki, kwa kuwa kazi yake ni kuongoza hewa.
4. Ikiwa ulihamisha kadi ya mtandao au ya diski kwenda nafasi zinazoongozwa na prosesa ya pili, irudishe ilikokuwa. Vinginevyo seva itawaka bila mtandao, nawe utadhani umeleta balaa jipya.
5. Iache ifanye kazi siku kadha wa kadha kama zamani.

Msomaji atasema: nikiitoa prosesa nitaijuaje kasoro? Utaijua kwa wakati utakaouchagua wewe, na zaidi ya hayo utakuwa umepata ushahidi wa kwanza. Ikiwa seva yaendelea kuzimika hata baada ya prosesa ya pili kutolewa, basi kasoro ama ilikuwapo zamani, ama imetokea mikono ilipoingia ndani ya mtambo, na makala haya yote hayatakusaidia mpaka ulione hilo kwanza.

Itazame namna inavyozimika

"Seva inazima" ni neno pana mno. Andika kwenye karatasi saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na namna ilivyotokea, maana kila namna huelekeza upande wake:

- Haiwaki kabisa, au hujizima kabla skrini haijaonyesha kitu: shuku ulinganifu wa prosesa, toleo la BIOS, pini za soketi, au upungufu wa feni na ramu.
- Huwaka vizuri, hufanya kazi muda, kisha huzimika kazi inapokuwa nzito: shuku joto, halafu umeme.
- Hukatika kama iliyochomolewa waya, bila kuandika neno lo lote: shuku umeme mbele ya vyote.
- Hutoa skrini ya buluu ya Windows, au ya zambarau ya ESXi, au hujiwasha upya na kuacha maneno "Machine Check" katika daftari: shuku ramu za upande mpya, pini, na njia iunganishayo prosesa mbili, kabla ya kuishuku prosesa.
- Huganda tu, haizimiki wala haijiwashi: shuku kadi, draiva na femwea.
- Seva yenyewe ni nzima ila programu moja, hasa hifadhidata, ndiyo inayokufa: ruka uende sehemu ya mfumo wa uendeshaji.

Soma daftari la matukio kabla ya kushika bisibisi

Seva si kompyuta ya mezani. Ina chombo chake kidogo cha ulinzi, kiitwacho iDRAC kwa Dell na iLO kwa HP, ambacho hubaki macho hata seva ikiwa imezimwa maadamu waya wa umeme umo, na huandika kila jambo zito linaloipata. Nastaajabia mafundi wengi ambao hubadilisha vipande siku nzima bila kulifungua daftari hilo hata mara moja.

Katika Dell utakuta alama zilizo wazi. CPU0000 husema kwamba prosesa iliyotajwa imepata kosa la ndani. CPU0001 husema imejizima kwa joto. Alama ya pili hii ikiwapo, achana na mengine yote, nenda kwenye hitisinki na feni. Katika Linux, amri ipmitool sel list huleta daftari hilo hilo, na journalctl -k -b -1 huonyesha maneno ya mwisho ya keneli kabla ya kuzimika, ikiwa logi za mfumo zahifadhiwa kwenye diski. Katika Windows fungua Event Viewer, utafute WHEA-Logger. Tukio la 18 ni kosa kubwa la maunzi, nalo hutaja namba ya kiini kilichokosea, na skrini ya buluu yenye 0x124 ina maana iyo hiyo.

Hadhari tatu katika kusoma:

- Tukio la 41 la Kernel-Power, ambalo watu hulileta kwa wingi wakidhani ni jibu, husema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa taratibu. Halitaji sababu.
- Hesabu hazianzi mahali pamoja. Dell huita prosesa ya kwanza CPU 1 na ya pili CPU 2. Linux huanza na sifuri, kwa hiyo neno SOCKET 1 katika kosa la keneli ni prosesa ya pili. Kwa tofauti hii wengi hutoa prosesa nzima na kuiacha yenye kasoro.
- Saa ya seva iwe sahihi, au hutaweza kulinganisha daftari la iDRAC na la mfumo wa uendeshaji.

Na daftari likiwa tupu? Huo nao ni ushahidi. Kosa la prosesa au la ramu aghalabu huacha alama. Umeme ukikatika kwa ghafla hauachi nafasi ya kuandika.

Je, prosesa hizi zaweza kukaa pamoja?

Si kila prosesa iingiayo katika soketi yafaa kukaa na mwenzake. Xeon E5 zenye namba ya 1600 huingia katika soketi moja na zile za 2600, lakini ziliundwa kufanya kazi peke yake. Tarakimu ya kwanza, 1 au 2, ndiyo idadi ya prosesa zinazoruhusiwa katika mtambo mmoja. Kadhalika v3 na v4 hutumia soketi moja yenye pini 2011, na seva moja hukubali aidha hizi aidha zile baada ya BIOS kusasishwa, ila hazichanganywi kamwe.

Linganisha mambo haya kabla ya kufunga mfuniko:

1. Jina kamili. E5-2620 v3 ina viini 6 na E5-2620 v4 ina viini 8; kwa muuzaji mwenye haraka zote ni "2620".
2. Alama ya herufi na tarakimu tano iliyochongwa juu ya bati la prosesa, ambayo kwa kizazi hiki huanza na SR. Zikilingana, jina na toleo la uundaji vyote vimelingana.
3. Alama ianzayo na Q, au maneno "Intel Confidential". Hiyo ni prosesa ya majaribio iliyotolewa na kiwanda kabla ya bidhaa kukamilika. Iwapo duka la Kariakoo au la barabara ya Luthuli limekupa hiyo kwa bei ya kupendeza, irudishe. Yaweza kuwaka, yaweza hata kufanya kazi, lakini BIOS ya seva haina ahadi nayo.
4. Toleo la BIOS. Lisasishe kwanza ukiwa na prosesa ya zamani peke yake, na umeme ukiwa wa kuaminika, ndipo uitie mpya. BIOS mpya huleta marekebisho ya ndani ya prosesa, na makosa kadha yasiyoelezeka huondoka kwa hatua hiyo moja. Sasisha na iDRAC au iLO pia.

Atakayeuliza kama yafaa kutia E5-2680 v4 pembeni ya E5-2620 v4, kwa kuwa zote ni v4, nitamjibu kwamba haifai. Usipoteze wakati kutafuta kasoro katika mtambo ambao mpangilio wake mwenye kuuunda hakuukubali.

Yafuatanayo na prosesa ya pili

Hapa ndipo penye kasoro nyingi kuliko mahali pengine pote, kwa hiyo naomba msomaji asiharakishe.

*Feni.* DL380 Gen9 yenye prosesa moja hutoka kiwandani na feni nne, na nafasi mbili zikiwa zimezibwa kwa plastiki. Yenye prosesa mbili yahitaji feni sita. Anunuaye prosesa tupu, bila feni mbili zile, anaitia prosesa mahali pasipopita hewa ya kutosha. Mitambo mingine hukataa kuwaka bila feni zake zote, na hiyo ni rehema. Kwa R730, hakikisha feni zote zazunguka na kwamba iDRAC hailalamikii hata moja.

*Hitisinki na pesti.* Kila seva ina hitisinki zaidi ya aina moja, nyembamba kwa prosesa za wati chache na kubwa kwa zile za wati nyingi. E5-2620 v4 hutumia wati 85, ilhali E5-2690 v4 hutumia 135. Hitisinki iliyotosha ya kwanza haitatosha ya pili. Pesti ya zamani ifutwe kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, ipakwe mpya kidogo, kiasi cha kuziba mianya tu. Skrubu za hitisinki zikazwe kwa zamu, pembe hii kisha ile inayoielekea, kila moja kidogo kidogo. Mwenye kukaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine huinua upande mmoja wa prosesa, na tokeo lake si joto tu, ni pini zisizogusa vema.

*Mfuniko.* Katika majaribio wengi huiacha seva wazi ili "ipate hewa". La hasha. Hewa ya seva hupangwa na mfuniko pamoja na ile plastiki nyeusi ya kuongozea upepo. Ukiviondoa, upepo hutawanyika na prosesa hupata joto zaidi. Kumbuka pia kwamba mitambo hii imeundwa kuvuta hewa ya nyuzi 10 hadi 35 za Selsiasi. Chumba kilichotosha prosesa moja mwezi wa Julai huenda kisitoshe mbili mwezi wa Februari, hasa pwani.

*Ramu.* R730 ina nafasi 24 za ramu, A1 hadi A12 zikiongozwa na prosesa ya kwanza, na B1 hadi B12 zikiongozwa na ya pili. Kila prosesa ina njia nne za ramu, na nafasi zenye vishikizo vyeupe hujazwa kwanza, kisha vyeusi, kisha vya kijani. Sheria zake ni chache:

- Gawanya ramu sawasawa pande mbili. Ukiwa na vijiti vinane, vinne viende A na vinne B.
- Usichanganye RDIMM na LRDIMM.
- Tia vijiti vya ukubwa na kasi moja kadiri iwezekanavyo, na upande B uwe mfano wa upande A.
- Vijiti vipya ulivyonunua pamoja na prosesa vishukiwe kabla ya prosesa. Vijaribu kwanza upande A, na prosesa ya zamani, kwa MemTest86+ usiku kucha.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu kosa la ramu ya upande B hutajwa na mfumo kama kosa la prosesa ya pili, maana ndiyo iiongozayo, na mwenye kusoma harakaharaka huihukumu prosesa kwa dhambi ya kijiti.

*Nafasi za kadi.* Katika R730 raiza ya 1, yaani ubao mdogo ushikao kadi, huongozwa na prosesa ya pili, na katika DL380 Gen9 raiza ya pili ndivyo ilivyo. Kadi iliyokuwa imekaa humo bila kufanya kazi, hata imesahauliwa, huamka pamoja na prosesa. Ikiwa ni mbovu au draiva yake ni ya kale, ndiyo itakayoiangusha seva. Zitoe kadi zote za upande huo wakati wa kujaribu.

Wenye mitambo ya zamani kama ProLiant DL380 G5 wakumbuke kwamba humo prosesa ya pili huhitaji kipande chake cha kurekebisha umeme, kinachouzwa peke yake.

Pini za soketi

Pini hazimo katika prosesa, zimo katika soketi ya ubao mama, nazo ni laini kuliko unavyodhani. Soketi ya pili ya seva iliyokwisha kutumika huenda ilipoteza kifuniko chake njiani, ikapigwa na kidole, vumbi au kona ya prosesa iliyodondoka. Chukua tochi, piga mwanga kwa mshazari, utazame safu kwa safu kwa kioo cha kukuzia. Pini nzima hurudisha mwanga kwa mpango mmoja, na iliyopinda huonekana kama doa katika safu. Piga picha. Pini moja iliyopinda yaweza kuficha njia nzima ya ramu, na hapo BIOS itaonyesha vijiti vitatu ilhali umetia vinne. Yaweza pia kugusa kwa baridi na kuachia kwa joto, hata seva ikazimika mchana tu.

Kunyoosha pini kwa sindano ni kazi ya mwenye mkono mtulivu na darubini ya mezani. Asiye navyo ampelekee anayevimiliki. Na kabla ya kugusa prosesa au soketi vaa mkanda wa kutoa umeme tuli mkononi, hata kama hewa ya pwani ina unyevu, kwa kuwa chumba chenye kiyoyozi hukauka.

Upande mmoja kwa wakati, bila kufungua mfuniko

Yupo atakayesema hana saa za kuifungua seva mara kwa mara. Kwake ipo njia ya Linux ambayo naipenda sana, maana huitenga nusu mpya na ile ya zamani kwa amri tu. Andika numactl --hardware uone kama mfumo waona sehemu mbili, 0 na 1, kila moja na ramu yake. Isiyo na ramu au yenye ramu pungufu imejitaja yenyewe. Kisha:

1. Tumikisha prosesa ya kwanza peke yake: numactl --cpunodebind=0 --membind=0 stress-ng --cpu 0 --timeout 2h.
2. Ikipita salama, tumikisha ya pili, ukiweka 1 mahali pa 0 katika cpunodebind na membind.
3. Kisha tumia cpunodebind=1 na membind=0, ukiondoa --cpu 0 na kutia --vm 4 --vm-bytes 2G, ili prosesa ya pili itumie ramu ya upande wa kwanza kwa njia iunganishayo prosesa mbili.
4. Mwisho zitumikishe zote pamoja, bila numactl.

Hatua ya pili ikiangusha na ya tatu isiangushe, tazama ramu za upande B, kisha joto. Zote mbili zikiangusha, tazama prosesa, pini na hitisinki. Kila moja ikipita na ya nne peke yake ikaangusha, sasa umeme na joto ndivyo vya kushukiwa. Wakati wote huo tazama joto katika iDRAC au iLO, na uandike tofauti iliyopo kati ya prosesa mbili. Tofauti ya nyuzi chache ni ya kawaida, ya nyuzi ishirini si ya kawaida.

Kubadilishana mahali

Yaliyotangulia yasipotoa jibu, sasa ndiyo saa ya bisibisi. Siianzi hii mapema kwa sababu kila kuinua prosesa ni kuzihatarisha pini zaidi ya elfu mbili.

1. Tia prosesa mpya peke yake katika soketi ya kwanza, pamoja na ramu za zamani zilizo salama. Ikianguka, prosesa au ulinganifu wake na BIOS una kasoro. Ikisimama, prosesa imesafika kwa sehemu kubwa.
2. Tia zote mbili, ya zamani ikikaa soketi ya pili. Soma daftari baada ya kuanguka: kosa likiifuata prosesa mpya hadi soketi ya kwanza, ni lake, likibaki soketi ya pili ingawa aliyekaa humo ni mwingine, tafuta katika soketi, ubao mama, hitisinki ile na ramu za B.
3. Badilishana ramu za A na B, prosesa zikibaki zilipo.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara, ukiandike. Na jaribio lidumu angalau mara mbili ya muda mrefu kabisa ambao seva ilipata kukaa bila kuanguka: ikiwa ilikuwa ikianguka kila baada ya siku mbili, saa tatu za utulivu hazithibitishi kitu.

Umeme

Prosesa mbili za wati 135 hutaka wati 270 peke yake, kabla ya ramu, diski na feni zilizoongeza mwendo. R730 huuzwa na pawa saplai za wati 495, 750 au 1100, na ile ya 495 iliyotosha prosesa moja haina budi kupimwa upya. Ukiwa na pawa saplai mbili, ziwe za aina moja, kisha chomoa moja seva ikiwa katika jaribio zito. Isiposimama kwa iliyobaki, huna akiba, una mbili zinazosaidiana kubeba mzigo, na siku moja ikilegea zote zitakwenda.

Usiisahau UPS. Yenye volti-ampea 1500 aghalabu hutoa wati 1000 au pungufu, na betri ya miaka minne hubeba sehemu tu ya hizo. Hivyo seva huzimika katika ile nukta ya kuhama kutoka umeme wa gridi kwenda kwenye betri, au jenereta inapopokea. Linganisha saa za kuzimika na saa za umeme kukatika mtaani kwako.

Mfumo wa uendeshaji na programu

Hapa nitapita upesi, maana katika mitambo ya leo ni nadra prosesa ya pili kuuangusha mfumo wa uendeshaji kwa yenyewe. Prosesa moja tu tayari ina viini vingi, na draiva isiyojua kufanya kazi na viini vingi ingekwisha kuanguka zamani.

- Hifadhidata inayouawa au kupunguza mwendo huku ramu ikionekana ipo: imejaza upande mmoja. Ijaribu kwa numactl --interleave=all, na uondoe amri zo zote za zamani zinazoifunga upande mmoja.
- Windows 10 Home hutumia prosesa moja, Pro mbili. Windows Server tangu toleo la 2016 huhesabu leseni kwa viini. Angalia kabla mkaguzi hajakuangalia.
- Windows Server 2003 ya biti 32 iliyowekwa kwa prosesa moja yaweza kutoitambua ya pili. Usiibadilishe HAL, yaani sehemu ya Windows iunganishayo mfumo na maunzi, kwa kubahatisha, Windows itakataa kuwaka.

Makosa yarudiwayo

- Kununua prosesa na ramu, kuvitia pamoja na BIOS mpya siku moja, kisha kuuliza kipi kimeleta kasoro.
- Kuzima C-states, kubadilisha kasi ya ramu na kugusa kila kitu katika BIOS kwa kufuata ushauri wa kila mtu. Irudishe BIOS katika hali ya kiwanda, uhifadhi mpangilio wa diski, ndipo uanze.
- Kufuta daftari la iDRAC "ili lisomeke vizuri" kabla ya kulinakili.
- Kutangaza ushindi baada ya kuondoa vumbi na kukaza upya, bila kurudia jaribio lililoangusha.

Ukiirudisha prosesa dukani

Ushahidi ukithibitisha kwamba prosesa ndiyo mbovu, mpelekee muuzaji mambo haya: picha ya alama ya SR, picha ya soketi zote mbili zionyeshazo pini nzima, nakala ya daftari yenye tukio prosesa ilipokuwa soketi ya kwanza na tukio ilipokuwa ya pili, na toleo la BIOS ulilotumia. Picha za soketi hasa usizikose, kwa kuwa hoja ya kwanza ya muuzaji itakuwa kwamba umezipinda pini mwenyewe. Omba badala yake prosesa yenye alama ile ile ya SR, na itakapofika anza na hatua ya kwanza ya kubadilishana mahali, peke yake katika soketi ya kwanza, kabla hujaiweka pamoja na mwenzake.